Kabla hujampa mtu nyota moja, ongea na mpishi

Vijana wenzangu, siku hizi ni wachache wanaoingia mkahawani bila kuangalia kwanza wengine wamesema nini. Simu inatolewa, nyota zinahesabiwa, na joint yenye nyota tatu inarukwa hata kama harufu ya nyama inakuita kutoka barabarani. Sina shida na hilo. Pesa ni zako, na hakuna anayetaka kulipia sandwichi ya jana. Shida ni vile wengi wetu tunatoa hayo maoni: kwa hasira, bila maelezo, na mara nyingi tukimlaumu asiye na makosa.

Chukua poutine, chakula ambacho wenzetu wanaoenda Kanada kusoma au kutafuta kazi hawakawii kukutana nacho. Ni chipsi moto, juu yake vipande vya jibini changa, kisha mchuzi mzito wa kahawia unamwagwa kote. Asili yake ni Quebec. Simulizi inayojulikana sana inasema mwaka 1957, katika mji mdogo wa Warwick, mteja alimwomba Fernand Lachance, mwenye mkahawa, amchanganyie chipsi na jibini kwenye mfuko mmoja. Lachance aliona hiyo itakuwa fujo tupu, lakini akamfanyia. Inasemekana mchuzi uliongezwa baadaye ili chipsi zisipoe haraka. Mji wa Drummondville nao unadai ndio ulioanza, na ubishi haujaisha. Lakini ukifuata simulizi ya Warwick, chakula kinacholiwa leo kote Kanada kilizaliwa kwa sababu mteja alifungua mdomo na mwenye jiko akasikiliza.

Sasa linganisha na maoni ya aina hii: "Chipsi zimelowa. Nyota moja." Bana, mchuzi umemwagwa juu, ulitarajia nini? Ni kama mgeni aje Nairobi alalamike ugali hauna chumvi. Poutine ina malalamiko yake ya haki. Mchuzi ukija vuguvugu, sema. Jibini yake ikiwa mbichi kabisa hulia kwi kwi ukiitafuna, na ikikaa kwenye friji siku kadhaa ule mlio hupotea. Mteja anayeandika kwamba jibini ilikuwa kimya amemsaidia mteja mwingine, na pia mpishi.

Sandwichi ni vivyo hivyo. Pale Schwartz's, mkahawa wa Montreal uliofunguliwa 1928 na unaosifika kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa moshi, mteja husema anataka nyama yenye mafuta kiasi gani. Ukinyamaza kwenye kaunta, usiende nyumbani kulia kwamba mafuta yalizidi.

Halafu kuna hii ya kuletewa chakula. Chipsi zikifungiwa kwenye mfuko, mvuke unazilainisha, iwe ni poutine ya Montreal au chipsi masala ya Roysambu. Kama mwenye boda alikwama kwenye jam ya Thika Road dakika arobaini, mpishi angefanya nini? Ila na wenye mikahawa wasijifiche hapo. Kama unakubali kutuma chakula, tafuta pakiti inayopumua, na mchuzi uweke kando.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu yule dada wa kaunta unayemtaja kwa jina ukiwa umekasirika ni wa rika letu, na huenda analipwa kwa siku. Bosi akisoma, hataki maelezo marefu. Na ile joint ndogo mnayoimaliza na nyota zenu, pengine ni ya kijana aliyeweka akiba yake yote kwa friji na jiko la gesi.

Sisemi tunyamaze. Nyama imeoza? Sema. Umeongezewa bei kwenye bili? Sema, tena kwa sauti. Na wewe unayekula bure ndiyo upige picha na kusifia, waambie watu hukulipa.

Lakini anza hapo hapo mezani: mwite mhudumu, mweleze tatizo, umpe nafasi ya kulirekebisha. Akikupuuza, andika. Taja ulichokula, siku gani, bei gani, na kilichoharibika. Wakirekebisha, rudi uandike hilo pia.