Pauni ya Majuu, Shilingi ya Mkuyuni

Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu ambacho kinabomoa ndoa taratibu, pengine kuliko hata nyumba ndogo: mshiko wa mtu aliyeko majuu.

Hapa Mkuyuni ninakoishi kuna shosti wangu mmoja, mama wa watoto wawili. Mumewe aliondoka katikati ya mwaka 2024 kwenda Uingereza kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Familia hakuweza kuiita, kwa sababu kuanzia tarehe 11 Machi 2024 serikali ya kule ilizuia wafanyakazi wapya wa kazi hiyo kwenda na wenzi wao au watoto. Kwa hiyo ndoa inaendeshwa kwa simu. Kipindi cha baridi wenzetu wako nyuma yetu kwa saa tatu, na baba anapotoka zamu ya jioni, huku mama ameshalala.

Mwishoni mwa mwaka 2025 wakaanza kushutumiana. Mke anasema, "Mtu anapokea mamilioni, sisi anatutumia laki tisa. Zingine anampa nani?" Mume naye anasema, "Nimetuma pesa mwaka mzima, boma la Buhongwa halijafika hata kwenye linta. Pesa yangu inaliwa." Ikafika mahali mke akataja neno talaka.

Nikachukua daftari nikamwomba kila mmoja anipe hesabu yake. Wote wameniruhusu niandike, ila majina tumeyaacha pembeni.

Hesabu ya mume

Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza, kwa mwenye miaka 21 na zaidi, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na ndicho alichokuwa akilipwa shemeji yetu. Kwa saa 37 na nusu kwa wiki anapata kama pauni 1,984 kwa mwezi. Tuchukue pauni moja kuwa shilingi 3,300 ili tusiumize kichwa. Hapo unaona shilingi milioni sita na nusu! Ndiyo hesabu aliyokuwa anaipiga mkewe, na majirani, na mama mkwe.

Sasa ngoja kwanza. Kodi ya serikali na bima ya taifa zikishakatwa, anabaki na kama pauni 1,720. Chumba kimoja, pamoja na umeme na gesi, pauni 600. Chakula 200. Gari, maana wazee anaowahudumia wako mitaa mbalimbali na bila usafiri hakuna kazi, mafuta na bima yake ni 260. Simu na vikorokoro 60. Halafu kuna deni la watu waliomkopesha nauli na pesa ya kuanzia maisha, 250 kila mwezi. Jumla pauni 1,370. Anabakiwa na 350, anatuma 300, inayobaki 50 ndiyo ya kuugulia. Yaani yule mtu wa milioni sita na nusu, mkononi ni mtu wa milioni moja na kidogo.

Hesabu ya mke

Huku zinafika kama shilingi 990,000. Kwa Mkuyuni wengi watasema huyo mama anaogelea kwenye neema. Lakini kodi ya vyumba viwili ni 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Ada na gari la shule 180,000. Chakula 300,000. Umeme, maji na gesi 70,000. Mama mkwe kijijini 100,000. Hapo zimeondoka laki nane. Inabaki 190,000 ya ujenzi, na hiyo ni kabla fundi hajafungua mdomo.

Tena kuna gharama moja ambayo haimo kwenye daftari la mtu yeyote: ya kuitwa "mke wa mtu wa Ulaya". Kadi za michango ya harusi zinakuja na matarajio makubwa. Msiba ukitokea, wa kwanza kuangaliwa ni yeye. Fundi akisikia baba yuko London (hata kama hayuko London) bei inapanda papo hapo. Mume hajui haya, maana mke anaona aibu kuonekana ameshindwa kukataa.

Pima kwa saa za jasho

Mimi mwenyewe nimewahi kuishi Leicester nikiwa masomoni. Kila mgeni mwezi wa kwanza hufanya kitu kimoja: anageuza kila bei kuwa shilingi. Mtu anasimama dukani anashika kichwa kwa sababu ya mkate. Hesabu hiyo haisaidii kitu, kwa sababu kule hulipwi kwa shilingi.

Jarida la The Economist la Uingereza, tangu mwaka 1986, hulinganisha nchi kwa bei ya baga ya Big Mac. Sisi Mkuyuni pengine tungetumia chipsi mayai. Ila kuna kipimo rahisi zaidi: bei hiyo ni jasho la muda gani?

Chukua nauli. London, kuanzia Machi 2023, basi lilikuwa pauni 1.75, yaani karibu shilingi 5,800. Huku daladala ya safari isiyozidi kilomita 10, tangu Desemba 2023, ni shilingi 600. Utasema kwetu ni bwerere. Lakini kima cha chini kwa watumishi wa umma Tanzania, kuanzia Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa saa 45 za kazi kwa wiki, unapata kama shilingi 2,560 kwa saa. Kumbe nauli ya daladala ni dakika 14 za kazi, na ile ya London ni dakika 9 tu kwa mwenye kima cha chini cha kule!

Kuku je? Kule kuku mzima wa dukani ni kama pauni 5, nusu saa ya kazi haifiki. Huku wa kisasa akiwa 9,000, ni saa tatu na nusu. Kwa hiyo shemeji akisema anakula kuku kila wiki, siyo kwamba anatanua.

Lakini geuza upande wa pili. Kule kila kinachohitaji mikono ya mtu kinauma: kusuka nywele, fundi bomba, na hasa kulelewa mtoto. Huku dada wa kazi, jirani na bibi wanabeba mzigo huo kwa pesa kidogo au bila pesa kabisa. Na samaki usiseme. Minofu ya sangara inakatwa viwandani hapa Mwanza na kupelekwa Ulaya, sisi tunagombania mapanki. Lakini sato aliyetoka ziwani asubuhi, shemeji anamwota tu.

Mfanyeje?

Kwanza, wekeni daftari zote mbili mezani. Picha ya hati ya mshahara kwa huku, picha ya risiti kwa kule. Siyo kuchunguzana, ni kuonyeshana.

Pili, kila shilingi ipewe jina kabla ya kutumwa: hii kodi, hii ada, hii saruji. Pesa isiyo na jina ndiyo inayozaa maneno.

Tatu, tumeni mara moja kwa mwezi badala ya vipande vinne, maana ada ya kutuma hula zaidi kiasi kidogo. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama hiyo iwe chini ya asilimia 3, lakini kwa Afrika kusini mwa Sahara wastani umekuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Nne, mume aseme mwenyewe kwa ndugu zake kiwango cha michango wanachokiweza. Akikisema mke, ataitwa mchoyo.

Na hawa wawili? Walipobadilishana daftari, mume alikaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hiyo kodi ya miezi sita ulikuwa unaitoa wapi?" Mke akamjibu: alikuwa anakopa kwenye kikoba. Wamekubaliana boma lisimame mpaka deni la nauli liishe. Talaka haijatajwa tena, lakini hawajamaliza kuumia, na sitawadanganya kwamba wamemaliza. Miezi mingi bado iko mbele yao bila kuonana.

Wewe mwenzangu, mwenzi wako akiwa mbali, unajua kinachobaki mfukoni mwake baada ya kukutumia? Muulize usiku wa leo, kwa upole. Tukutane mwezi ujao.