Besi Nene Haitokani na Kushusha Sauti
Tanga inalijua gitaa la besi: Black Star Musical Club ilikuwa miongoni mwa vikundi vya mwanzo kulitia katika taarabu. Uzi wake mnene kuliko zote hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, mtetemo ambao spika ndogo huutoa kwa shida. Hapo, pedali ya kushusha sauti oktava moja, hadi mitetemo ipatayo 20, ni fedha zilizopotea. Yafaa zaidi pedali ya kukwaruza sauti kidogo: huzidisha mitetemo ya 82 na 123, na sikio likiisikia hujikamilishia ile ya 41 iliyopungua. Basi mpigaji na aipime spika kwanza, na mwalimu wa fizikia alilete gitaa hili darasani.