Fumbo la Misiani na wazee wanaolijua

Mwalimu wa Kiswahili hapa Mbita afikapo kwenye mada ya fasihi simulizi, huandika ubaoni aina za nyimbo: za kazi, za maombolezo, za siasa. Wanafunzi hunakili, hukariri, na mtihani hupita. Jioni, redio ya kinyozi nje ya lango la shule hupiga wimbo wa siasa ambao hakuna aliyewaambia kuwa ndio ule wa ubaoni. Mwimbaji ni Daniel Owino Misiani.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania. Wazazi wake, watu wa dini, hawakutaka kusikia habari za gitaa. Katika miaka ya 1960 akavuka kuja Kenya, na huku ndiko alikojengea jina, akiwa kiongozi wa bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz. Hakuianzisha benga peke yake, japo wapo wapenzi wake wanaoapa hivyo. Lakini ni wachache waliolifanya gitaa lizungumze kama nyatiti, ala yetu ya nyuzi nane, kwa ustadi uliofanana na wake. Benga hiyo ilisafiri mbali: huko Zimbabwe hata leo kuna mtindo uitwao kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa muziki kutoka Nyanza Kusini.

Tunalomdai mwalimu, hata hivyo, si gitaa bali ni maneno. Misiani alisimulia historia na visa vya Biblia, akawaingiza wanyama, na ndani yao akawaficha wakubwa. Katika Bim en Bim, nyani ndiye aliyebebeshwa mzigo huo. Wenye mamlaka hawakuhitaji kamusi ya istiari. Mwanamuziki huyu alitiwa ndani zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake.

Tutaambiwa kwamba aliimba kwa Kijaluo, na somo ni Kiswahili. Hoja hiyo haina uzito. Mwanafunzi atakayefasiri beti mbili za Misiani kwa Kiswahili sanifu, na kumweleza mwenzake asiyejua Kijaluo kwa nini wazee wanacheka, atakuwa amejifunza lugha zote mbili. Tutaambiwa pia kwamba aliwasifu matajiri kwa majina. Ni kweli, aliwasifu. Na hilo nalo lijadiliwe darasani, maana nyimbo za sifa zimo ubaoni vilevile.

Linalotutia wasiwasi ni jambo jingine. Misiani alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Sauti yake imehifadhika, lakini ufunguo wa mafumbo haumo katika santuri wala kanda. Umo vichwani mwa waliozinunua wakiwa vijana, wakajua fisi ni nani na nyani ni nani mwaka ule. Watu hao sasa ni babu na nyanya zetu katika Rusinga, Gembe na Lambwe, na kila msimu tunawazika.

Likizo ijayo, mwalimu asiwape wanafunzi maswali ya kunakili kitabuni. Kila mmoja achague wimbo mmoja, akaketi na mzee mmoja, amuulize alikuwa anasemwa nani, kisha arudi na jibu likiwa limeandikwa.