JUA LETU, GIZA LA NINI?

Unguja hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Ulipopata hitilafu Disemba 2009 tulikaa gizani hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, mama zetu wakabeba ndoo visimani. Wenye fedha wakanunua jenereta. Na jua likituwakia kila siku, bure.

Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mwingine, mkubwa zaidi. Vyema, lakini ni njia ile ile. Twaambiwa jua halitoki usiku na betri ni ghali. Kweli; lakini maji yaweza kuvutwa mchana yakawekwa tangini! Twadai pampu, hospitali na skuli zipewe mitambo ya jua kwanza, kabla ya mahoteli. Wanaokuja kuomba kura waulizwe hili kabla hawajapigiwa makofi.