Rangi Haiponyi Kutu

Wanachuo wenzangu, hasa nyie mnaomaliza bando kwa video za magari, leo nina ugomvi na nyie. Zile video mnazijua. Gari la Kimarekani la miaka ya sitini limekutwa ghalani, panya wamezaa kwenye siti, milango imeoza chini hadi unaona upande wa pili. Muziki unaanza. Cheche mbili tatu za grenda, mtu anafuta jasho, halafu dakika ya kumi na mbili gari linatoka nje likiwa jekundu, injini inanguruma, na chumba kizima hosteli tunapiga kelele kama tumefunga goli. Kilichofanyika kati ya cheche na rangi hatukioni. Mimi nasema gari lenyewe liko hapo tusipopaona, na fundi anayepapita haraka anatengeneza jeneza lenye rimu za kung'aa.

Nisingeandika kwa ukali huu kama jambo lisingeingia nyumbani kwetu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anaishi Ohio huu mwaka wa 19. Mwaka jana alinunua Ford Mustang ya 1966. Alipotuma picha, mama aliuliza kama limeungua moto. Halikuungua. Limekaa tu miaka mingi kwenye majira ya baridi ya kule, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Waliosoma kemia wanajua: chumvi haitafuni chuma yenyewe, ila ikishaingia majini inarahisisha umeme kupita kwenye bati, na kutu inakwenda mbio. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na boneti nzuri kabisa huku tumbo lake limeisha.

Mjomba ana mpango wake. Anataka kutoa injini ya silinda 6 iliyomo na kuweka ile V8 ya lita 5.0 ambayo Ford walianza kuiweka kwenye Mustang za 2011. Kisha rangi ya bluu na mistari miwili myeupe. Binamu yangu ana miaka 17, na ameshaahidiwa kwamba akimaliza sekondari gari ni lake. Niliposema tuanze na sakafu na breki, mjomba alicheka. “Mwalimu, wewe fundisha watoto, gari niachie mwenyewe.” Nikasema sawa, shikamoo mjomba, nikakata simu, nikaanza kusoma. Nimesoma kuhusu gari hili kuliko nilivyosoma baadhi ya kozi zangu, na namwomba mhadhiri wangu asifike aya hii.

Kwa wasiojua: Mustang ilizinduliwa Aprili 1964 kwenye maonyesho ya kimataifa ya New York, na ndani ya mwaka mmoja wa kwanza zikauzika zaidi ya 400,000. Mwaka huohuo Pontiac walileta GTO, gari la kawaida la familia lililopewa injini kubwa ya V8, na wengi wanahesabu hapo ndipo yalipoanza magari ya misuli kwa maana yake hasa. Wenye wivu na majina watasema Mustang haimo kwenye kundi hilo. Wabishane. Ninachotaka mjue ni kwamba Mustang nyingi zilizouzwa hazikuwa na misuli yoyote. Ya mjomba ilitoka kiwandani na farasi 120, tena kwa hesabu ya zamani iliyopima injini ikiwa peke yake mezani, bila mizigo yake yote. Injini anayoitaka ina farasi 412.

Sasa angalia magurudumu yake. Mustang ya silinda 6 ya mwaka ule ina nati 4 kila gurudumu, ya V8 ina 5. Ukiona 4, ujue na vilivyo nyuma ya gurudumu ni vyepesi: breki za dramu za inchi 9, springi laini, ekseli ndogo. Gari zima lilipimwa kwa ajili ya farasi 120. Kuliwekea nguvu zaidi ya mara tatu na kuacha yale mengine ni kumpa mtoto wa darasa la tatu mtihani wa kidato cha nne halafu ushangae analia.

Breki zenyewe ni za kutisha hata bila injini mpya. Mustang ya 1966 ina masta silinda yenye chumba kimoja tu cha mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka kwa kutu, popote pale, pedeli inazama hadi chini na huna breki hata moja zaidi ya ile ya mkono. Mwaka uliofuata, 1967, Ford waliweka masta silinda yenye sehemu mbili, ili mbele ikifa nyuma ibaki. Hawakuamka tu asubuhi wakawa wema. Mwaka 1965 Ralph Nader alitoa kitabu kilichowashambulia watengenezaji wa magari kwa kuuza vitu vya hatari, mwaka 1966 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari, na mikanda ya mabega kwa siti za mbele ikawa lazima kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1968. Gari la mjomba lilizaliwa kabla ya hayo yote. Lina mkanda wa kiunoni tu, na mhimili wa usukani ni chuma kigumu kinachomwelekea dereva kifuani.

Bado sijafika kwenye tangi. Kwenye Mustang hizi tangi la petroli limening'inizwa kwenye tundu la buti, na mgongo wa tangi ndiyo sakafu ya buti. Yaani ukiweka begi lako nyuma, umeliweka juu ya petroli. Kati ya buti na abiria kuna siti ya nyuma na ubao mwepesi kama kadibodi. Ukigongwa kwa nyuma, tangi likipasuka, petroli inakuja ndani. Wenye magari haya wanaojali huziba hapo kwa bati la chuma. Ni kazi ya siku moja, haionekani kwenye picha, na labda ndiyo maana wengi hawaifanyi.

Lakini kelele zangu kubwa ni juu ya kutu, kwa sababu Mustang haina chesisi ya pembeni kama ya lori. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, mbavu za chini, zile kuta mbili za bati zinazosimama kulia na kushoto kwa injini na kubeba springi za mbele, vyote vinashikana vikiwa kitu kimoja. Kikioza kimoja, gari zima linalegea. Na sehemu inayooza kimyakimya kuliko zote ni kisanduku cha bati kilichofichwa chini ya kioo cha mbele, kinachopitisha hewa ndani. Majani yanaingia, maji yanatuama, bati linatoboka, halafu kila mvua inadondoka sakafuni chini ya zulia. Kukijua ni rahisi: mwaga maji kwenye vile vitundu chini ya kioo, mtu mwingine alale chini ya dashibodi na tochi. Kukitengeneza si rahisi. Kimeunganishwa kwa vidoti vingi vya kuchomelea, inabidi kila kidoti kitobolewe, bati la juu litoke, lililooza likatwe, jipya lichomelewe, na gari likiwa limetegwa sawasawa lisije likapinda.

Mjomba alinunua gari lake bila sumaku. Fundi bodi yeyote wa mtaani kwetu angeanza kwa kugonga kwa kidole na kusikiliza, kisha angepitisha sumaku: ikidondoka, hapo si bati, ni pati iliyolaliwa juu ya shimo. Yeye aliangalia rangi. Alipokuja kutoa zulia alikuta aliyemtangulia amepigilia mabati kwa ribiti juu ya sakafu iliyooza na kupaka lami. Chini ya mabati, bisibisi ilipita kama kwenye biskuti. Na injini anayoitaka ni pana mno kwa pale mbele. Ili iingie, wengi hukata zile kuta mbili zinazobeba springi na kuweka mfumo mwingine wa mbele. Ukate nguzo kwenye nyumba ambayo msingi wake ni biskuti?

Kuna rafiki yangu anasoma historia, tumebishana naye kwenye kibanda cha chipsi hadi tukafungiwa. Hoja yake ni kinyume na ya mjomba, ila inafika palepale. Yeye anasema gari la zamani ni kama hati ya kale, ukibadilisha breki umefuta maandishi. Arudishe kila kitu kama 1966, dramu kwa dramu. Nakiri hoja ina uzito kwa magari fulani. Ile Mustang ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt iliuzwa Januari 2020 kwa zaidi ya dola milioni 3, na haikukarabatiwa: iliuzwa na kutu yake na mikwaruzo yake, na ingekuwa ujinga kuigusa. Gari la aina hiyo liache. Halimpeleki mtu shuleni.

Ila mwaka 1966 pekee zilitengenezwa Mustang zaidi ya 600,000. Ya mjomba ni mojawapo, tena ya injini ndogo. Historia haitapungukiwa kitu ikiwa moja itapata breki za diski mbele. Na huyo anayeililia 1966, kwani barabara za Ohio nazo zimebaki 1966? Gari litaingia kwenye njia kuu katikati ya malori na magari ya kisasa yanayosimama kwa umbali mfupi kuliko lenyewe. Akifunga breki yule wa mbele, binamu yangu atakuwa na kanyagio na maombi.

Kwa hiyo msimamo wangu hauwafurahishi wote wawili. Kwa gari la kawaida lililooza, chuma kwanza, hadi bisibisi igome. Kisha masta silinda ya sehemu mbili, mabomba mapya ya breki, diski mbele, mikanda ya mabega, bati kati ya buti na siti. Vyote vinauzwa kule kwa ajili ya gari hilihili, na jumla yake haifiki bei ya ile injini. Baada ya hapo, silinda 6 yake ya zamani ikiamshwa vizuri inatosha kumfikisha kijana popote anapokwenda. Akitaka V8 baadaye, kuna zile za zamani zinazoingia bila kukata ukuta wowote, mradi abadilishe na ekseli na springi. Rangi iwe ya mwisho. Hata kama itachukua miaka mitatu na gari likae kijivu muda wote huo, na hakuna atakayebofya kupenda.

Mnaniambia nyinyi mnaangalia tu kujifurahisha. Sawa. Lakini mjomba wangu naye alianza kwa kuangalia tu.

Juzi alipiga simu ya video akiwa amelala chini ya gari. Sakafu ya upande wa dereva imekatwa yote, nikaona sementi ya gereji yake na mguu wa binamu yangu. Kijana ndiye aliyekuwa ameshika grenda, amevaa miwani, kakunja uso. Sakafu mpya imefika, na masta silinda ya sehemu mbili iko juu ya meza, bado kwenye boksi. Mjomba hakusema kwamba nilikuwa sahihi, na sikutegemea aseme. Alisema bei ya ile injini imeshuka kidogo. Nikamuuliza mikanda ya mabega ameagiza lini. Akasema, “Mwalimu, mtandao unakatika,” na kweli ukakatika.