Mratibu wa vijana wageni awajibike kwanza kwa kijiji

Mipango ya kubadilishana vijana kati ya nchi na nchi hujulikana kwa majina ya wanaoigharamia: weltwärts ya serikali ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 2008, ICS ya Uingereza, iliyowaweka vijana wa Kiingereza na wa Kitanzania katika timu moja, Norec ya Norway, ambayo tangu mwaka 2000, ikiwa bado inaitwa Fredskorpset, ilijengwa juu ya kupeleka na kupokea. Anayesahaulika ni mtu anayeifanya mipango hiyo iwezekane huko kijana anakokwenda kuishi. Huyu ni mratibu wa kujitolea: mwalimu mstaafu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katekista, au mama mwenye sauti katika VICOBA. Ndiye anayetafuta kaya ya kumpokea mgeni, anayekwenda kukagua choo na komeo la mlango, anayempeleka mgeni kwa mtendaji wa kijiji akaandikwe, na anayepigiwa simu saa tano usiku homa ikipanda. Hoja yangu ni kwamba mtu huyu, kwa kawaida, anawajibika mahali pasipo pake. Ofisi ya mjini au ya ng'ambo ndiyo humteua, humwandikia taratibu, hupokea taarifa zake na humwondoa ikitaka, ilhali kazi yake yote iko kijijini. Achaguliwe na kijiji, kijiji kimsikilize na kumhoji, mpango ulipe gharama zake, naye awe na mamlaka ya kusema hapana.

Tuitazame kata ya Mkuyuni. Iko kwenye mteremko wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye barabara inayotoka Bigwa kwenda Matombo, Mvuha hadi Kisaki, upande unaopokea upepo wa bahari na kunyeshewa kuliko upande wa Morogoro mjini. Zipo sehemu za mteremko huo zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndiyo maana kuna ndizi, machungwa, mananasi, mafenesi na viungo. Ndiyo maana pia mashamba yamesambaa milimani, na mama mwenye nyumba anaweza kutoka alfajiri na kurudi alasiri na mkungu wa ndizi kichwani. Fomu ya mpango itauliza kama kaya ina chumba cha mgeni, kitanda, neti na maji salama ya kunywa. Haitauliza nani anabaki nyumbani mchana, wakati mgeni anarudi shuleni anakosaidia kufundisha, ana njaa, hajui kuwasha moto wa kuni na haelewi Kiluguru ambacho wazee wanazungumza uani. Anayejua kwamba nyumba fulani ina bibi ambaye hapandi tena mlimani, mpole, mwenye wajukuu waliozoea kucheza na wageni, ni jirani. Anayejua kwamba nyumba nyingine yenye bati jipya na sola ina ugomvi usiokwisha, naye ni jirani.

Kuna jambo zito zaidi, nalo halionekani kwa mtu anayepita na daftari. Kwa Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Nyumba ambayo mgeni anaambiwa ni ya mzee fulani inaweza kuwa imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na mjomba akawa na kauli juu yake hata kama anaishi kijiji kingine. Mratibu aliyetumwa kutoka mjini ataketi barazani na baba, atapata saini yake, na ataondoka akiamini shughuli imekwisha. Mpango ukitoa fedha za kujenga choo bora au kuongeza chumba kwa ajili ya mgeni, maneno yataanza: kilichojengwa ni cha nani, nani aliulizwa, na mgeni akiondoka kitabaki kwa nani. Hapo ndipo itajulikana kwamba aliyetia saini hakuwa na kauli ya mwisho. Mtu wa Mkuyuni angepita kwa mjomba kwanza. Asingehitaji semina kulijua hilo.

Wenzetu wa ng'ambo walishajifunza kwamba mpango husimama au huanguka kwa mtu wa karibu, na walijifunza kwa uchungu. Marekani inapokea wanafunzi wa sekondari kutoka duniani kote, wakiwamo wa mpango wa Kennedy-Lugar YES ulioanzishwa mwaka 2002. Baada ya kashfa za wanafunzi waliowekwa katika nyumba chafu bila mtu wa kuwafuatilia, serikali yao ilikaza kanuni. Kila mtu mzima katika kaya inayompokea mwanafunzi huchunguzwa kumbukumbu zake za jinai. Mratibu lazima awasiliane na mwanafunzi na familia kila mwezi. Haruhusiwi kuwa mwenyeji na msimamizi wa mwanafunzi huyohuyo, na makazi ya mwanafunzi yasizidi maili 120 kutoka anakoishi mratibu. Msingi wa kanuni hizo ni sahihi kabisa, lakini kipimo chake hakitufai. Maili 120 ni takriban kilomita 190, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mjini. Kwa kanuni hiyo, mtu anayeishi Kibaha angeweza kumwangalia kijana aliyeko Mkuyuni. Masika, kitongoji kilicho ng'ambo ya mto uliofurika kiko mbali kuliko Kibaha, na simu isiyo na mtandao bondeni haimfikii mtu yeyote. Ukaribu tunaouhitaji sisi ni wa mtu anayeweza kufika kwa miguu, na ambaye akifika atafunguliwa mlango na kuambiwa ukweli.

Uluguru ina kumbukumbu yake ya watu wa kati wanaowajibika nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba ngazi milimani kuzuia mmomonyoko. Kulinda udongo na vyanzo vya Mto Ruvu lilikuwa jambo la maana, na hata leo ni la maana. Lakini waliopita mashambani kusimamia kazi hiyo walikuwa wakiripoti Boma, na malalamiko ya wakulima, kwamba kazi ni nzito na udongo wa juu unafukiwa, hayakuwa na njia ya kupanda juu na kubadili chochote. Mwaka 1955 hasira ililipuka Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Mpango wa vijana ni mdogo mno kando ya ule, wala haumlazimishi mtu. Hata hivyo tabia ya taarifa ni ileile. Mratibu anayehofia kuondolewa na ofisi ataandika kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, na familia iliyochoka kulisha mgeni kwa posho isiyotosha itanyamaza kwa sababu ya heshima. Ofisi itasoma taarifa nzuri na kuleta vijana wengine wawili.

Hoja ya kudumu ndiyo inayonisukuma zaidi. Mipango ya nje huja na kuondoka kwa sababu zisizohusiana kabisa na mwenyeji. Peace Corps ya Marekani iliondoka Tanzania mwaka 1969 kwa sababu za kisiasa, ikarudi mwaka 1979. Machi 2020, corona ilipoenea, Peace Corps iliwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wa kujitolea kutoka duniani kote, na weltwärts ikafanya hivyohivyo. ICS nayo ilisimama wakati huo na haikurejea. Raleigh International, iliyokuwa na kituo chake cha Tanzania hapa Morogoro na kuweka vijana katika nyumba za vijijini, ilifilisika Uingereza mwaka 2022. Katika kila tukio la namna hii wageni hupanda ndege, lakini mratibu hubaki. Yeye ndiye atakayeulizwa na fundi ambaye hajamaliziwa hela ya tangi la maji, na ndiye atakayeulizwa na watoto wa shule dada yao anarudi lini. Kama aliteuliwa na ofisi ambayo haipo tena, hana mahali pa kupeleka maswali hayo. Kama alichaguliwa na kijiji, ana kamati ya huduma za jamii na ana mkutano mkuu, na daftari lake la majina, kaya, ahadi na madeni ni mali ya kijiji.

Nimesikia hoja kwamba mtu wa kujitolea akilipwa haitwi tena wa kujitolea. Nakubali kwamba mshahara ungebadilisha kazi yenyewe na kuvutia watu wasiofaa. Lakini nauli ya bodaboda, vocha ya simu, chakula cha siku ya kumpeleka mgeni hospitali ya mkoa, na buti za mvua si mshahara. Mkulima wa Mkuyuni anayeacha kuvuna machungwa yake siku tatu ili akashughulikie kibali cha ukaazi daraja C cha kijana wa watu amekwisha kujitolea vya kutosha. Kumwachia na gharama ni kumtoza kodi kwa wema wake, na matokeo yake ni kwamba kazi hii itashikwa na wenye uwezo tu, ambao mara nyingi hawaishi kijijini.

Pingamizi kubwa zaidi ni la usalama na upendeleo. Mashirika husema: kijana ni dhamana yetu, wazazi wake watatushtaki sisi, tunahitaji mtu anayetutii, na kijiji kikiachiwa kuchagua kitampa nafasi mpwa wa mwenyekiti. Hofu zote mbili zina ukweli. Tusidanganyane kwamba vijiji vyetu havina kupeana kindugu. Ila mpwa wa mwenyekiti anaonekana na kila mtu na anaweza kuhojiwa hadharani; rafiki wa ofisa programu wa mjini hahojiwi na yeyote. Kanuni ya Wamarekani ya kumkataza mwenyeji kuwa msimamizi inafaa kuchukuliwa hapa kama ilivyo, na mimi ningeongeza kwamba waratibu wawe wawili, mwanamke na mwanamume, kwa sababu yako mambo binti hawezi kumweleza baba wa makamo. Kuhusu usalama, shirika libaki na haki ya kumtoa kijana saa yoyote na kuweka masharti yake ya uchunguzi. Mgeni akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaelekeza taarifa za mtoto anayedhulumiwa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mratibu anayefahamika na mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii anamlinda mtoto mapema kuliko anayeanza kwa kutuma barua pepe ng'ambo. Shirika lilindwe kwa mkataba, na kijiji kiwe na mtu wake.

Mratibu wa namna hii ataweza pia kudai kile ambacho jina la mipango hii linaahidi, yaani kubadilishana. weltwärts iliwapeleka Wajerumani nje kwa miaka mitano kabla ya kufungua mlango, mwaka 2013, kwa vijana wa nchi zetu kwenda kujitolea Ujerumani, na hadi leo wanaokuja ni wengi kuliko wanaokwenda. Kijana wa Mkuyuni mwenye cheti cha kidato cha nne, anayejua kupanda iliki na kusoma mvua, ana cha kuwafundisha wa huko; anachokosa ni mtu wa kumpelekea taarifa kabla ya siku ya mwisho ya maombi, na wa kumsaidia kupata pasipoti. Ofisi ya mjini huwapata vijana wa mjini kwanza, kwa sababu ndio walio mlangoni.

Haya hayahitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Dakika ishirini za kumsikiliza mratibu zinatosha. Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro nayo inaweza kuweka sharti moja kabla ya kuutambulisha mpango wowote wa vijana kwa kijiji chake chochote: muhtasari wa mkutano uliowachagua waratibu uambatanishwe, pamoja na jedwali la gharama watakazorudishiwa na tarehe za kulipwa.