Kolera: mgonjwa anamalizwa na nini?

Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika Goma, maji ya bomba yalikatika na watu wengi wakarudi kuchota ziwani na bidoni. Hofu ya kolera ikarudi palepale. Wazee hawajasahau 1994.

Wanafunzi wa uuguzi, mushike hili: mikrobi ya kolera haitoboi utumbo. Inakaa juu yake na kutoa sumu. Sumu ile inalazimisha seli kumwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji yanafuata chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Presha inashuka, figo zinasimama.

Lakini mlango wa sukari kwenye seli zile haufungwi. Sukari ikipita, inapita na chumvi, maji nyuma yake. Ni vile SRO inasaidia hata kama mgonjwa bado anahara.

Na nyumbani bado tunasikia: « Usimupe maji, atazidi kuhara. » Ni hapo mtoto anapotea, mbele ya kufika kituo cha afya. Kama SRO haiko: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, bila kurundika. Mpe kidogo kidogo, hata njiani. Asiyeweza tena kunywa, huyo ni wa serumu, mbio.